Mjomba anataka programu mpya ya bure, mimi naogopa kupoteza hesabu za miaka yote

Shikamoo Mama,

Mimi ni binti wa miaka 27, naishi Mwanga, Kigoma. Nina stashahada ya uhasibu na ninatunza hesabu za duka la mjomba wangu. Tunauza saruji, bati, nondo, misumari na rangi, kwa jumla na rejareja. Wateja wengi ni wa hapa mjini na Ujiji, lakini wapo wanaopakia mzigo Kibirizi kwenda Kongo na Burundi. Hao ndio wanaochukua mzigo mkubwa, na ndio wanaokopa zaidi.

Duka limetumia programu moja ya uhasibu tangu 2014. Aliyeifunga ni fundi kompyuta ambaye sasa amehamia Dodoma. Kompyuta ni ileile ya mwanzo, ina Windows 7. Siku hizi inachukua muda mrefu kuwaka, na mara nyingine inatoa mlio kama kuna kitu kinagongagonga ndani. Umeme ukikatika ghafla, nikiwasha tena programu inaniambia faili lina hitilafu. Nabonyeza kukubali, inafunguka, naendelea na kazi. Bakapu, yaani nakala ya akiba, ipo, ila imo humohumo kwenye kompyuta, upande wa D.

Mwezi uliopita mtoto wa mjomba alikuja kutoka Dar es Salaam akaacha flashi yenye toleo jipya la programu hiyo. Anasema halihitaji kulipiwa. Maelekezo aliyoniachia ni nizime antivirus, nifunge programu, ninakili faili moja mahali fulani, basi. Amemwambia mjomba kwamba toleo hilo lina dola na linatuma ankara kwenye WhatsApp. Mjomba amefurahi sana, na ameniambia niifunge Jumapili hii duka likiwa limefungwa.

Mama, kinachonitisha ni hiki. Mwaka juzi mifuko ya saruji iliyokuwa kwenye programu haikulingana na iliyokuwapo stoo, na maneno yakasemwa nyumbani. Hakuna aliyenitaja kwa jina, lakini mama yangu aliumia, maana yeye ndiye aliyeniombea kazi kwa kaka yake. Sasa hesabu zikivurugika mikononi mwangu, nani ataniamini tena? Madeni ya wateja peke yake yamepita shilingi milioni 40, na orodha yake iko ndani ya programu tu. Daftari hatuna.

Nilimshauri mjomba tununue toleo halali. Akasema hii ya zamani inafanya kazi, na mpya ipo ya bure, sasa tulipe ya nini? Na huyo ndiye aliyebandika nyuma ya kaunta maneno "Mali bila daftari hupotea bila habari".

Naomba unisaidie. Niifunge hiyo ya flashi? Nibaki na ya zamani? Nikihama, nahama na miaka yote au naanza upya? Na nizungumze vipi na mjomba asione najifanya msomi mbele yake?

Binti wa Mwanga, Kigoma

*

Marahaba mwanangu.

Jumapili usiifunge hiyo programu. Mwambie mjomba unahitaji wiki chache za maandalizi, na sababu nitakupa hapa ili uwe na la kumjibu.

Programu nyingi za uhasibu zina jambo moja ambalo mafundi huwa hawalisemi. Toleo jipya likifungua faili la zamani hulibadilisha muundo, na likishabadilika, toleo la zamani haliwezi kulifungua tena. Hukunitajia jina la programu yenu, lakini kwa zile zinazotumika zaidi madukani mambo ni hayohayo. Kwenye QuickBooks ya mezani, yaani ile inayofungwa ndani ya kompyuta, faili la kampuni, lile linaloishia na herufi QBW, likishapandishwa toleo halishuki. Kwa Tally, data za wakati wa Tally.ERP 9 lazima zihamishiwe muundo mpya ndipo zisomeke kwenye TallyPrime za sasa, na zikishahamishwa ile ya zamani haizisomi.

Sasa weka hilo pamoja na flashi ya binamu yako. Toleo alilokuletea limevunjwa kufuli, yaani kinga ya leseni imeondolewa ili litumike bila kulipiwa. Ukilifungulia faili lenu Jumapili, kuanzia Jumatatu hesabu zote za tangu 2014 zitafunguka kwa programu hiyo ya kuvunjwa peke yake. Siku ikigoma hakuna wa kumpigia simu, na ile halali mliyonunua mwanzo haitalitambua faili lenu. Hayo ndiyo malipo ya hiyo bure. Tena ameagiza uzime antivirus. Ukiizima, huna tena njia ya kujua ni nini kingine kimeingia pamoja na programu, na virusi vinavyofunga mafaili ya watu na kudai pesa hupenda kusafiri ndani ya programu za namna hii. Na kisheria, kutumia programu bila leseni kunagusa Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999. Duka linalotoa risiti za TRA na lenye jina mjini halifai kujiingiza humo.

Hata hivyo, mwanangu, kilichonishtua zaidi kwenye barua yako ni ule mlio wa kugonga. Kwenye kompyuta ya zamani, hiyo kwa kawaida ni diski ya ndani (hard disk) inayokaribia kufa. Inaweza kudumu miezi, inaweza isiwake kesho asubuhi. Bakapu yako iko kwenye upande wa D, na katika kompyuta nyingi C na D ni sehemu mbili za diski moja. Ikifa, hesabu na bakapu vinakwenda pamoja. Kwa hiyo usisubiri Jumapili wala wiki ijayo. Leo jioni mkifunga mauzo, tengeneza bakapu kwa kutumia programu yenyewe, kisha uitoe nje ya kompyuta hiyo.

Itoe kwenda wapi? Kanuni ya watu wa kompyuta ni nakala tatu, kwenye vyombo vya aina mbili, na moja ikae mbali na ofisi. Kwenu ninyi hiyo ina maana faili lenyewe la kazi, nakala kwenye diski ya nje, na nyingine kwenye hifadhi ya mtandaoni au diski ya pili inayolala nyumbani kwa mama yako. Flashi itumie kusafirishia tu, usiifanye ghala, kwa sababu hupotea mifukoni na hushika virusi haraka. Diski ya nje ukimaliza kunakili ichomoe. Ikiachwa imechomekwa, kirusi kitakachokula kompyuta kitaila nayo. Iwekee na neno la siri, kwani humo mna majina ya watu na madeni yao, na tangu 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi.

Bakapu ambayo haijawahi kurudishwa usiihesabu kuwa ni bakapu. Irudishe, lakini kwa jina jingine, kwa mfano JARIBIO, na kwenye folda tofauti, maana ukiirudisha kwa jina lilelile unaweza kufuta faili la kazi. Kisha fungua JARIBIO na uangalie vitu viwili: ankara ya mwisho uliyoandika leo, na jumla ya wadaiwa. Vikilingana na vya faili la kazi, usiku huo utalala. Na kama utapata kompyuta nyingine ya kufanyia jaribio hilo, ni bora zaidi, kwa sababu huko ndiko utakakohitaji kuirudisha siku hii ya zamani itakapozima.

Halafu ule ujumbe wa hitilafu, usiwe unabonyeza kukubali ukaendelea. Umeme unapokatika wakati programu iko katikati ya kuandika muamala, nusu inaandikwa na nusu haiandikwi, na kila inapotokea tena uharibifu unajilimbikiza. QuickBooks ina chombo cha kukagua data na kingine cha kuijenga upya. Kwenye Tally.ERP 9 ilikuwa kubonyeza Ctrl, Alt na R kwa pamoja. Vitumie, ila baada ya kuchukua bakapu, kamwe si kabla. Na nunueni UPS, kile kifaa cha betri kinachoshikilia umeme kwa muda mfupi, hata kama umeme wa Kigoma umetulia kuliko zamani, wakati mji wote ulitegemea majenereta ya dizeli ya TANESCO. UPS haiko hapo ili uendelee kuuza gizani. Inakupa dakika chache za kufunga programu vizuri na kuzima. Betri yake huchoka baada ya miaka michache, kwa hiyo ijaribuni mara kwa mara.

Sasa swali lako la kubaki au kuhama. Kubaki mlipo hapana. Microsoft iliacha kuihudumia Windows 7 tarehe 14 Januari 2020, na Windows 10 nayo ikafuata tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mkinunua kompyuta iwe inayobeba Windows 11. Mkienda kwenye za mtumba, kuweni macho. Windows 11 inataka chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa prosesa za Intel ni kuanzia kizazi cha 8. Muuzaji akikwambia "ni Core i5" bila kutaja kizazi, hajakuambia kitu. QuickBooks ya mezani kuanzia toleo la 2022 inataka pia Windows ya biti 64, na kompyuta nyingi za umri wa hiyo yenu zilifungwa ya biti 32.

Kabla ya kununua toleo jipya, mtafute yule fundi wa Dodoma kwa upole. Unahitaji kwake namba ya leseni, barua pepe iliyosajiliwa, na neno la siri la msimamizi wa programu. Mara nyingi mafundi husajili leseni kwa barua pepe zao wenyewe, bila nia mbaya, na duka linakuja kugundua siku ya shida kwamba kwa mtengenezaji halijulikani kabisa. Leseni mpya isajiliwe kwa jina la duka na barua pepe ya duka, na inunuliwe kwa wakala anayetambuliwa na mtengenezaji.

Jambo ninalotaka ulishike kuliko mengine katika barua hii ni kwamba kuhamisha hesabu ni kazi yako wewe mhasibu. Fundi anafunga programu, anaunganisha printa, anaondoka. Yeye hajui kama deni la mteja wa Kalemie, kule Kongo, ni la ankara moja au tano. Ukimwachia ahamishe peke yake, atahakikisha programu inafunguka na namba zinaonekana, naye kwa upande wake amemaliza.

Umeuliza kama uhame na miaka yote. Kwa duka lenu ningeanza upya, kwa masalio ya kufungulia, yaani salio la mwisho la kila hesabu ya zamani liwe la kuanzia kwenye mpya, kwenye tarehe moja safi. Faili la miaka mingi lililopita kwenye kukatika umeme mara kwa mara, na lenye stoo isiyolingana, likibadilishwa linakuja na magonjwa yake yote. Lile la zamani liache lilivyo, kwa ajili ya kusoma tu. Utapoteza urahisi wa kulinganisha mauzo ya miaka kwenye ripoti moja, ni kweli, na kama mjomba anaombea mkopo benki hilo lina uzito. Lakini ripoti za miaka iliyopita unaweza kuzichapa na kuzihifadhi kama PDF.

Tarehe nzuri kuliko zote ni siku ya kwanza ya mwaka wenu wa hesabu. Kama kompyuta haitafika huko, chukua tarehe mosi ya mwezi wowote. Ritani ya VAT ya mwezi uliotangulia itoe kwenye programu ya zamani kabla ya tarehe 20 kama kawaida, na ya mwezi mpya itoke kwenye mpya, ili mwezi mmoja usigawanyike katika programu mbili.

Siku ya mwisho ya ile ya zamani, chapa urari wa hesabu (orodha ya salio la kila akaunti), mizania (mali na madeni ya duka), orodha ya wadaiwa, orodha ya wadai na orodha ya stoo, zote za tarehe moja. Ila kabla ya kuchapa, safisha. Linganisha benki na taarifa ya benki. Linganisha namba ya lipa kwa simu na taarifa ya mtandao husika. Chukua ripoti Z (jumla ya mauzo ya kila siku) za mashine ya risiti ya EFD, za mwezi mzima, uzijumlishe, uzilinganishe na mauzo yaliyomo kwenye programu. Hizo zikitofautiana, TRA wataona tofauti hiyo kabla yako. Hapo ndipo penye kazi nyingi, na sikufichi, ni kazi ya majioni kadhaa.

Kwenye stoo hesabuni kwa mikono, mifuko kwa mifuko, mjomba akiwepo. Na hapa naomba nirudi kwenye yale maneno ya mwaka juzi, kwa sababu sidhani kama ni lazima pawe na mwizi. Mzigo wa saruji unafika kwa lori au kwa behewa, watu wanausubiri, unauzwa siku hiyohiyo. Ankara ya msambazaji unaipata baada ya siku kadhaa ndipo unaiingiza. Katikati ya hapo programu imeona mauzo ya kitu ambacho haikijui, na stoo imekwenda chini ya sifuri. Zile zinazokokotoa gharama kwa wastani zinapofika hapo hukisia gharama, na faida yote ya mwezi inapinda. Ongeza na vipimo. Tani moja ni mifuko 20 ya kilo 50. Mtu mmoja akiingiza manunuzi kwa tani na mwingine akiuza kwa mifuko bila kipimo kimoja kuwekwa kwenye programu, au bati zikinunuliwa kwa bando na kuuzwa kwa kipande, pengo litatokea hata kama kila mfuko uko salama. Kwenye programu mpya amua kipimo kimoja kwa kila bidhaa kabla ya kuingiza ya kwanza, na mzigo ukifika uandike siku hiyohiyo kwa hati ya kupokelea hata kama ankara haijaja. Mweleze mjomba hivyo, na mama yako naye asikie.

Wadaiwa usiwaingize kwa jumla. Hili watu wengi wanalikosea kwa kutaka kumaliza haraka. Mteja anadaiwa milioni 6, wanaandika milioni 6 kwa tarehe ya kuhamia, na papo hapo programu inaamini deni lote ni la leo. Deni la miezi minane linaonekana changa kama la jana, na ripoti ya umri wa madeni haisemi tena kitu. Ingiza ankara moja moja ambayo haijalipwa, kwa namba yake na tarehe yake ya zamani. Na wapo walioleta pesa kabla ya mzigo kufika. Hizo ni za wateja, si mauzo, kwa hiyo ziingize kama deni la duka kwao.

Ukimaliza kuingiza, toa urari kwenye mpya na uuweke kando ya wa zamani. Vilingane mpaka shilingi ya mwisho. Visipolingana, QuickBooks huitupa tofauti kwenye akaunti ya mtaji wa salio la kufungulia, na Tally huionyesha kwenye mizania kama tofauti ya masalio ya kufungulia. Mtu akikushauri uiandikie ingizo la kuilinganisha muendelee, kataa. Hiyo tofauti ina jina la mteja au bidhaa fulani ndani yake, itafute. Kisha endesha programu zote mbili sambamba kwa mwezi mmoja. Ni kazi mara mbili, ila mwisho wa mwezi jumla zikifanana mjomba mwenyewe ataiamini.

Ile ya zamani usiifute baada ya hapo. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya 2015 inataka kumbukumbu zitunzwe miaka mitano, na afisa akija kukagua anaweza kuomba ankara ya mwaka wa nyuma kabisa. Itoe kompyuta ile kwenye intaneti, badilisha diski ile inayogonga, ikae kwa kusomea. Tukiwa hapo, risiti za EFD unazopewa mnaponunua zimechapwa kwa joto, na kwa jua la Kigoma hufifia zikabaki karatasi nyeupe. Zipige picha au fotokopi mapema.

Kuhusu dola, mpunguze mjomba hamu kidogo. Kwenye QuickBooks ukishawasha matumizi ya sarafu nyingi huwezi kuyazima tena katika faili hilo, kwa hiyo usiguse mpaka uwe na sababu. Tena tangu 2025 zipo kanuni zinazokataza kupanga bei na kulipana kwa fedha za kigeni kwa bidhaa na huduma za ndani ya nchi, na mteja anayekuja kununua kaunta ni mauzo ya ndani, awe wa Ujiji au wa Kalemie. Mzigo ambao ninyi wenyewe mnausafirisha kwa nyaraka za forodha ndio unaoingia VAT ya asilimia sifuri. Bila nyaraka hizo ni kiwango cha kawaida, asilimia 18. Kwenye programu mpya weka aina hizo mbili za kodi kando kando tangu siku ya kwanza.

Utakutana pia na programu za mtandaoni, unazolipia kwa mwezi. Uzuri wake ni kwamba diski ya kompyuta ikifa hesabu haziendi nayo, na mjomba akiwa safarini anaona mauzo kwenye simu. Ubaya wake ni kwamba intaneti ikizimika umesimama, bei mara nyingi hupangwa kwa dola, na mkikosa kulipa mnaweza kufungiwa kuandika. Kwa duka lenye mtu mmoja anayeandika, kompyuta moja na wateja waliosimama kaunta, mimi ningebaki na ya mezani, na bakapu ipande mtandaoni kila usiku. Mkifungua tawi Kasulu au Kibondo, hapo fikirieni upya.

Sasa mjomba. Usimwendee na maneno ya matoleo na leseni. Msubiri jioni ametulia, baada ya kufunga, umuulize kwa heshima: "Mjomba, kompyuta hii ikizima leo isiwake tena, tunamdai nani na kiasi gani?" Mwache afikirie. Atataja wawili, watatu, labda watano, kisha atanyamaza. Hapo ndipo umwonyeshe orodha ya wadaiwa uliyoichapa, na umwambie kwamba hiyo milioni 40 inakaa ndani ya diski inayogonga. Mwombe vitu kwa mpangilio: kwanza diski ya nje na UPS, ambavyo ni vya haraka na si ghali sana. Kompyuta baadaye, leseni mwisho. Mtu aliyebandika maneno yale nyuma ya kaunta anajua thamani ya daftari. Hajaonyeshwa tu kwamba daftari lenyewe sasa ni diski. Na binamu yako usimsengenye mbele ya baba yake, alitaka kusaidia. Muombe akusaidie kutafuta wakala wa kweli huko Dar es Salaam.

La mwisho linahusu jina lako. Kila karatasi utakayochapa siku ya kuhamia, urari, stoo, wadaiwa, isainiwe na mjomba na wewe, kwa tarehe, nakala mbili, moja ibaki kwako. Kwenye programu mpya kila mtu awe na jina lake la kuingilia. Vijana wa kaunta wasiandike kwa jina lako, na wasiweze kufuta ankara. Mwezi ukishafungwa, ufunge kwa neno la siri ambalo mjomba analo. Hapo mtu akibadilisha kitu, programu itasema ni nani na saa ngapi.

Ukikwama kwenye kulinganisha urari, niandikie tena. Nitajie jina la programu, toleo mnalotoka na mnalokwenda, na uniwekee zile jumla zisizolingana. Majina ya wateja yafute kwanza kabla ya kunitumia.